Udongo wa Chumba Namba Tatu

Kwetu wapangaji wanaitwa kwa namba. Mama alizipaka mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye milango sita ya nyumba ya uani, na tangu siku ile majina ya watu yakafa. "Namba Mbili, punguza redio!" "Namba Tano, mtoto wako anakojoa kwenye maua yangu, au kwenu maua ndiyo choo?" Wapangaji wenyewe walizoea. Hata wao kwa wao waliitana hivyo, kama wafungwa wanaotaniana.

Tunaishi kwenye senta ya wachimbaji, mbele kidogo ya Segese. Baba yuko Nkome kwenye biashara ya dagaa na huja kwa msimu. Mama anauza vitenge na ndiye mwenye nyumba. Mimi nilikuwa kidato cha tatu mwaka huo, na nilikuwa nimeshajulikana shuleni kama yule asiyeongea. Mwalimu wa Kiswahili alikuwa ananiruka kwenye zamu ya kusoma kwa sauti, kwa sababu nikisimama darasa lote linasubiri na mimi nasubiri pamoja nao.

Chumba namba tatu alikaa mama mmoja mponda mawe. Alikuwa wa umri wa mama, Msukuma wa vijijini, mwembamba, mikono imekomaa kama magome. Kazi yake ilikuwa kuchukua mawe kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji, kuyavunja kwa nyundo, kuyatwanga kwenye kinu cha chuma hadi yawe unga, kisha kupeleka unga huo mwaloni, mahali pa kuoshea, auoshe apate dhahabu. Kiangazi alitwanga nje. Masika alitwangia ndani, chumbani kwake, mlango wazi, na sisi tulisikia kile kinu tangu tunaamka. Kodi alilipa siku ileile kila mwezi. Mama hakuwahi kumdai hata mara moja, na nadhani hilo lilimuudhi, kwa sababu lilimnyima sababu ya kwenda kugonga mlango wake.

Vyumba vingine vyote vilikuwa na saruji. Chake kilikuwa na sakafu ya udongo. Mama alipoleta fundi wa saruji, yule mama alimsihi amwachie hivyohivyo. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

"Mshamba hata saruji anaiogopa! Namba Tatu, unadhani itakung'ata?"

"Baridi, mama mwenye nyumba. Miguu yangu haipatani na baridi."

Uongo. Sababu ya kweli niliijua mimi peke yangu. Siku moja alinituma dukani, niliporudi akaniingiza ndani, akainama, akanionyesha sakafu. Alikuwa anainyunyizia maji vumbi lisiruke, na anafagia kuelekea chini ya kitanda. Hakufagia kwenda mlangoni hata siku moja, kwa miaka minne.

"Unga ukiruka kwenye kinu unaenda wapi, mayu?" aliniuliza. Wanawake wa Kisukuma huwaita mabinti mayu, yaani mama, kwa upendo. "Unaenda chini. Mvua nne nimetwangia humu. Hiki chumba chote ni marudio."

Marudio ni ule udongo wa mwaloni ambao umeshaoshwa mara moja lakini bado una dhahabu ndani, kwa hiyo watu huukusanya wakauosha tena. Mimi nilijua marudio ya mwaloni. Sikuwahi kufikiria kwamba yanaweza kulala chini ya kitanda cha mtu.

Alikuwa na kiwanja njia ya Kahama. Kuta za nyumba aliyoianza hapo zilikuwa zimefika kwenye linta, zikasimama hapo, zinanyeshewa. Alipiga sakafu kofi kwa kiganja kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni, akasema, "Mabati yangu yako humu. Siku ya kuhama nitakwangua kidole kimoja tu cha juu, nikaoshe, nikaezeke. Nakwambia wewe kwa sababu huna mdomo."

Kweli, sikumwambia mtu yeyote. Hilo nililitunza vizuri.

Kisha pikipiki yenye spika ikapita ikitangaza mkutano: wenye nyumba wote na wapangaji wote wafike ofisi ya kijiji, kuna elimu ya sheria, haki na wajibu wa kila upande, bure. Mama alisema bure huwa ina mkia, lakini alienda, akanichukua mimi na daftari. "Wewe andika kila kitu. Mimi nitasikiliza yale ya kunifaa."

Wenye nyumba walikaa kwenye viti vya plastiki. Wapangaji walikaa kwenye mabenchi na wengine kwenye matofali. Hakuna aliyewapanga hivyo. Mwalimu alikuwa dada mmoja msaidizi wa sheria, kijana, ametoka mjini, amebeba makaratasi makubwa na kalamu nene. Alianza kwa wenye nyumba. Mwenye nyumba haruhusiwi kung'oa mlango ili mpangaji atoke. Haruhusiwi kuezua bati. Haruhusiwi kutupa vyombo nje, kukata maji, wala kuingia chumbani bila kubisha hodi kwa sababu tu nyumba ni yake. Akitaka mtu atoke, ampe notisi kama walivyokubaliana, na mtu akigoma, waende kwenye vyombo vinavyohusika.

Mzee mmoja mwenye vyumba ishirini alisimama. "Mwanangu, kwa hiyo mpangaji akigoma kutoka nimpigie magoti? Nimwimbie?"

"Umpe notisi ya maandishi, baba."

"Hajui kusoma!"

"Basi asomewe."

Watu walicheka. Wapangaji walikuwa wanapiga makofi, hadi dada wa sheria akawageukia wao. Mpangaji alipe kodi kwa wakati. Asipangishe mtu mwingine kwa siri. Asiharibu. Akitaka kuhama naye atoe taarifa, asikimbie na funguo. Na akiondoka, arudishe chumba kama alivyokikuta. Hapo wenye nyumba nao wakapiga makofi, na mama akanigusa kwa kiwiko: "Hiyo andika kwa herufi kubwa."

Niliandika. KURUDISHA CHUMBA KAMA ALIVYOKIKUTA.

Kisha mkono ukanyanyuka kwenye matofali. Namba Tatu. Mkono wenyewe ulikuwa mweupe wa vumbi la mawe hadi kwenye kiwiko. Nilijua anachotaka kuuliza kabla hajafungua kinywa. Nilitamani nimpe ishara. Lakini ili nimpe ishara ilibidi ninyanyue mkono wangu, na watu wangeniona.

"Naomba kuuliza," alisema. "Kama mimi natwanga mawe yangu ndani ya chumba. Mawe nimenunua mimi. Unga umeanguka chini, umeingia kwenye sakafu. Miaka minne. Nikihama, lile vumbi ni la nani?"

Dada wa sheria hakumwelewa. Alitabasamu vizuri, akasema usafi wa chumba ni wajibu wa mpangaji, uchafu wote autoe yeye. Watu wa senta wakaangua kicheko, kicheko kile cha kupiga mapaja, kwa sababu wao walikuwa wameelewa vizuri kabisa.

"Uchafu! Dada, huo uchafu nipe mimi niutoe!"

"Mama, una karai? Nije lini?"

Mtu mmoja akamweleza yule dada taratibu, na akaacha kutabasamu. Akasema ukweli kwamba swali hilo hajawahi kuulizwa. Ardhi na nyumba ni vya mwenye nyumba, akasema. Kitu alicholeta mpangaji ni cha mpangaji. Vikichanganyika hivyo, dawa ni kuandikiana mapema: andikeni mkataba, mseme udongo huo ni wa nani, na asiyejua kusoma asomewe kila neno kabla ya kuweka dole gumba.

"Asante, mwalimu," alisema Namba Tatu, akakaa. Alikuwa amefurahi. Alidhani amepata ulinzi.

Mimi nilimwangalia mama. Kwa miaka minne alikuwa hajui. Alikulia mjini, kwenye vitambaa, akaja huku akiwa mtu mzima, na habari za kinu hazikumhusu. Sasa alikuwa ametulia kabisa, mikono juu ya mapaja, kama mtu kanisani. Njia nzima ya kurudi nyumbani hakusalimia mtu, na mama ni mtu wa kusalimia hadi mbuzi.

Tulipofika alivua viatu, akaenda moja kwa moja uani. Alisimama mbele ya mlango wa tatu, akagonga kwa kidole kimoja. Hakuwahi kugonga mlango wowote pale uani, alikuwa anasukuma tu.

"Hodi, Namba Tatu! Nimefundishwa nibishe hodi. Niingie au nisiingie?"

"Karibu, mama."

Aliingia. Nilibaki mlangoni. Hakutazama dari wala ukuta. Alitazama chini, akapiga hatua moja, akaisikilizia sakafu kwa kisigino.

"Tuandikiane," mama alisema. "Si ndivyo ulivyotaka? Kesho kutwa, mwanangu akitoka shule."

"Wabeja, mama. Wabeja sana." Alishukuru kwa Kisukuma, mara mbili.

Mkataba tuliuandika sebuleni kwetu, mimi na mama, kabla ya kumwita. Mama alitembea akisema, mimi nikiandika kwenye karatasi ya mistari. Mpangaji atalipa kodi kila mwezi kwa wakati. Mwenye nyumba hatang'oa mlango wala kuingia bila hodi. Upande wowote ukitaka kuvunja mkataba utatoa notisi ya mwezi mmoja. Mpangaji atarudisha chumba kama alivyokikuta. Akasimama dirishani.

"Ya tano. Udongo wote wa sakafu, wa juu na wa chini, pamoja na chochote kilichomo ndani yake, ni mali ya mwenye nyumba."

Kalamu ilisimama.

"Andika."

Niliandika. Mwandiko wangu ni mzuri.

"Sasa sikiliza. Ukifika hapo, usisome hivyo. Meza mate, halafu sema: kila mtu atabaki na mali yake. Rudia."

"Kila mtu atabaki na mali yake."

"Kwa sauti. Unaongea kama unaumwa."

Nilirudia mara tatu. Nikitafuta kumbukumbu ya mama akinifundisha jambo kwa uvumilivu, akiwa amekaa karibu, mkono wake begani kwangu, napata hiyo tu.

Namba Tatu alikuja ameoga, amevaa kitenge kisafi. Alikuwa amejifunga kilemba. Alikaa kwenye ncha ya kochi asije akalichafua. Shahidi alikuwa kinyozi wa chumba namba mbili, alikuja na mashine mkononi, mteja wake amemwacha nusu kichwa.

Nilisoma. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kila moja. Nilipofika ya tano nilimeza mate, nikatazama yale maneno yaliyoandikwa kwa mkono wangu, nikasema yale mengine. Hayo mengine hayakuwepo kwenye karatasi. Niliyatoa hewani, na yalitoka laini, bila kukwama, mimi niliyekwama mbele ya darasa miaka yote.

"Kila mtu na mali yake," alirudia. "Yaani unga ni wangu."

"Si umesikia?" mama alimjibu. "Mtoto wa sekondari amekusomea."

Alinigeukia mimi. Hakumtazama mama. "Ndivyo ilivyoandikwa, mayu?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

Alipaka wino wa kalamu yangu kwenye dole gumba, akakandamiza. Kinyozi akasaini bila kusoma, akakimbilia kichwa cha mteja wake. Jioni ile yule mama aliniletea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amevipika na karanga kwenye bakuli lenye mfuniko. Alisema ni ya mwalimu wake. Nilikula yote. Ilikuwa mitamu, na siwezi kuandika kwamba ilinikwama kooni.

Notisi ilitoka wiki iliyofuata, kwa mwandiko uleule. Mwezi mmoja, kama tulivyoandikiana. Mama alimkabidhi uani mbele ya wapangaji wote waliokuwa wanafua.

"Wengine wangekung'olea mlango. Mimi ni mtu wa sheria. Karatasi hii hapa, na siku zako thelathini hizo hapo."

Namba Tatu alipokea kwa mikono miwili. Hakulalamika. Aliuliza tu kama kuna kosa amefanya, mama akasema hakuna, anataka kukarabati. "Basi," alisema, "nilikuwa nimepanga kungoja mavuno, lakini basi." Nilimwona usoni anapiga hesabu ya ujenzi wake. Siku hiyohiyo alitoa kitanda nje, akaingia na koleo na viroba.

Mama alimwacha ajaze kiroba cha kwanza. Hilo ndilo ninalokumbuka zaidi. Alikaa kwenye kibaraza anakula miwa, anasikiliza koleo. Kiroba kilipojaa na kufungwa mdomo kwa kamba, aliinuka, akaenda, akaweka mguu juu yake.

"Hiki kinaenda wapi?"

"Mwaloni, mama."

"Na udongo wangu?"

"Huu wangu. Tumeandikiana."

"Tumeandikiana, ndiyo. Wewe! Njoo na karatasi!"

Huyo wewe ni mimi. Nilienda nayo. Wapangaji walikuwa wamesimama na povu mikononi.

"Msomee ya tano."

Nilisoma ilivyoandikwa. Udongo wote, wa juu na wa chini, pamoja na chochote kilichomo. Ilikuwa mara ya kwanza Namba Tatu kuyasikia maneno hayo.

Hakupiga kelele. Alinitazama, akasema polepole, kama anayenisaidia kukumbuka, "Siku ile ulisoma lingine."

Nilitazama miguu yake. Ilikuwa imejaa vumbi hadi kwenye vifundo.

"Muone!" mama alicheka. "Amesikia anachotaka kusikia, sasa anamsingizia mtoto wa watu. Mwaga hicho kiroba. Hapohapo ndani ulipokitoa. Na ukung'ute."

Alimwaga. Kinyozi alirudi kwenye kiti chake. Namba Tano alisema, "Haya mambo ya kusaini saini," akaendelea kufua.

Alienda ofisi ya kijiji kulalamika. Asubuhi ya siku tuliyoitwa, alinisubiri bombani. Nilikuwa na ndoo mbili, yeye hakuwa na ndoo.

"Shikamoo."

"Marahaba, mayu. Sikuombi umshinde mama yako. Sikuombi useme yeye mbaya. Useme tu ulivyosoma siku ile. Neno lako tu ndilo lililobaki. Shahidi anasema alikuwa anafikiria nywele."

"Ndiyo, mayu," nilisema. Niliahidi kwa mdomo wangu.

Alinisaidia kujitwisha.

Ofisini tulikuwa kama watu kumi. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole, alivaa miwani akausoma mkataba mwenyewe, kila neno, akauliza dole ni la nani. "Langu," alisema Namba Tatu. "Lakini ya tano sikusomewa hivyo. Muulizeni mtoto."

Shingo zote ziligeuka. Na hapa nitaandika kama ilivyokuwa, kwa sababu nimeshajaribu kuandika vingine. Sikumwogopa mama. Mama hajanipiga tangu darasa la sita. Nilichoogopa ni urefu. Ukweli ungehitaji nieleze: kwamba tuliandika kabla hajafika, kwamba niliambiwa nimeze mate, kwamba nilirudia mara tatu, na katikati wangeniuliza kwa nini, na ningetakiwa kujibu hilo pia, huku wananitazama mdomo. Uongo ulikuwa neno moja.

"Binti," mwenyekiti aliuliza, "ulimsomea kama ilivyoandikwa hapa?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Ndiyo."

Namba Tatu alifungua kilemba chake, akakifunga upya, taratibu, kana kwamba kilikuwa kimelegea. Mwenyekiti alimwambia hapa kazi yao ni kusuluhisha tu. Kama hajaridhika anaweza kupeleka shauri mbele, Kahama. Aende na mashahidi wake.

"Sina," alisema.

Nje mama alininunulia soda ya baridi. Niliimaliza kabla hatujafika nyumbani.

Aliondoka kabla mwezi haujaisha. Mama alisimamia mizigo ikitoka. Alitandika turubai mlangoni, na kila kitu kilipita juu yake: godoro likapigwa fimbo pande zote mbili, mkeka ukakung'utwa, kinu kikapigwa mswaki ndani, sufuria zikafutwa matako. Vumbi lililoanguka kwenye turubai likarudishwa chumbani kwa ufagio.

"Chumba kirudi kama ulivyokikuta," mama alisema. "Mwalimu wako alifundisha."

Yule mama alifanya kila alichoambiwa, haraka, kama mtu anayetaka kumaliza. Mwenye mkokoteni alikuwa anasubiri barabarani, anatazama pembeni. Alipotoka yeye mwenyewe mlangoni, mama akanyanyua mkono.

"Miguu."

"Nini?"

"Miguu yako. Unaondoka nayo hivyo? Wewe, lete beseni. Na maji kidogo, usilete mengi, yatakuja kutusumbua kuchuja."

Nilileta beseni. Nilikuwa bado na sare ya shule. Nikapiga magoti nikalishika kwa mikono miwili lisipinduke, kwa sababu pale pana mteremko. Wapangaji waliacha kila kitu wakatazama. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akanyamaza peke yake.

Aliweka mguu wa kulia. Akausugua mwenyewe kwa mkono, kati ya vidole, chini ya kisigino palipopasuka, ambapo vumbi lilikuwa limekaa kama limepandwa. Maji yakawa rangi ya maziwa. Akaweka wa kushoto. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyowahi kuwa na mtu ninayemkosea. Alipomaliza alisimama pembeni, pakavu, akavaa kandambili. Kisha akainama kama anayetaka kunisaidia kunyanyua beseni.

Alilichukua, akanimwagia lote.

Hakunimwagia usoni. Alinimwagia mapajani, kwenye sketi, maji yote, bila haraka, hadi tone la mwisho. Akaliweka beseni chini likiwa limekaa vizuri. "Mali yenu," alisema, akaondoka kwenda kwenye mkokoteni. Hakugeuka.

Nilibaki nimepiga magoti. Nilidhani mama atamkimbilia yeye, amtukane. Mama alinikimbilia mimi.

"Usisimame! Usitingishike! Vua hiyo sketi taratibu, ikunje kwa ndani. Namba Tano, lete ndoo safi!"

"Mama, watu."

"Watu wamefanya nini? Vua."

Nilivua. Pale uani, mbele ya kinyozi na wateja wake, mbele ya Namba Tano na mume wake, nikabaki na gagulo. Nilikunja sketi kwa ndani kama nilivyoelekezwa, nikampa. Mama aliisuuza mara mbili kwenye ndoo, akaikamua, akaweka ndoo ndani chini ya ufunguo. Sketi akanirudishia mbichi.

Udongo ulikwanguliwa na vijana wawili, ukajaa mkokoteni mara tatu, ukaoshwa mwaloni, na maji ya ile ndoo pamoja nao. Dhahabu ilikuwemo. Yule mama hakuwa amekosea. Mama alirudi nayo kwenye kipande cha karatasi ya sigara, akanifungulia nione, akasema sheria ni kitu kizuri mtu akiisikiliza. Chumba kikawekwa saruji. Kuna mwalimu wa shule ya msingi humo sasa, naye anaitwa Namba Tatu.

Mkataba wetu ulipata sifa. Yule mzee mwenye vyumba ishirini alikuja akaomba mfano, na baada yake mama mmoja mwenye wapangaji waponda mawe watupu. Nimeandika tisa mpaka leo. Wananipa soda. Hakuna aliyeniambia niruke mstari. Wanasema wao wenyewe ndio watakaosoma.

Yule mama anatwanga mawe sasa kwenye maduara ya upande wa pili, juani, juu ya turubai. Mwezi uliopita nilitumwa huko na nikapita mbele yake. Ni mkubwa kwangu, ilibidi nimwamkie. Nilisema shikamoo. Alisikia, kwa sababu mchi ulisimama hewani. Nilisubiri. Kisha mchi ukashuka kwenye kinu, na mama mwingine aliyekaa kando yake akamuuliza, "Mbona humwitikii mtoto?"

"Nani?" alisema, akaendelea kutwanga.